Choo cha Ndani

Simu iliyoniletea habari kwamba Tata Daktari amekufa ilinikuta nikimenya ndizi mbichi jikoni kwangu, hapa Birongo. Aliyepiga ni katibu wa hospitali ya misheni iliyo mlimani, upande wa Nyaramba, kijana mpole sana. "Mwalimu Kwamboka, pole," akasema kwa sauti ya msibani. "Mzee wetu ametuacha huko kwao ng'ambo." Nikashukuru, nikakata simu, nikabandika sufuria ya ndizi motoni, na nilipoketi kwenye kigoda nikagundua kwamba ninaimba. Kuna wasomaji watakaosema mwalimu mstaafu, tena mama wa kanisa, hafai kufurahia kifo cha binadamu mwenzake. Mimi nilifurahi. Mzungu yule aliniambia, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa na mkanda wake wa kupimia presha ukiwa bado umenibana mkono, kwamba watu wa rangi yangu wenye ugonjwa huu hawazeeki. Nimezeeka. Nina wajukuu wanaonificha simu zao, nina goti linalotabiri mvua, na presha yangu ninayo hadi leo. Najua alinizidi umri kwa miaka mingi, kwa hiyo mashindano yetu hayakuwa ya haki. Lakini yeye hakutarajia hata niingie mashindanoni.

Mwaka ninaousimulia ni ule niliomaliza kidato cha nne nikakaa kungoja kuitwa chuo cha ualimu. Nyumba ya daktari ilikuwa juu ya wodi, juu ya kanisa, juu ya chai ya watu wote, na mimi nilichukuliwa pale kufagia, kupiga pasi, kuandaa meza, na kila Jumanne kumsaidia daktari kwenye kliniki yake ya presha. Naikumbuka nyumba ile chumba kwa chumba. Sebule ilikuwa na meko ya mawe ambayo moto wake haukuzimika msimu wote wa mvua, na zulia zito ambalo sisi wafanyakazi tulilikanyaga kwa miguu mitupu tu. Kutoka sebuleni uliingia kwenye ujia mwembamba, na mwisho wa ujia ule, mkabala na mlango wa jikoni, palikuwa na mlango mweupe. Hicho ndicho kilikuwa choo cha ndani. Kilikuwa na kiti cha mbao, dirisha dogo lililotazama maua, na mnyororo ambao ukiuvuta maji yaliteremka kwa kishindo hadi vikombe vikalia kabatini. Nilikisafisha kila asubuhi. Kukisafisha niliruhusiwa, kukitumia, hapana. Choo cha wafanyakazi kilikuwa bondeni, kupita bustani, kupita zizi la ng'ombe, kupita mistari ya chai, chini kabisa kwenye mikaratusi, na njia yake ilikuwa ya udongo mwekundu ambao mvua ya alasiri iliugeuza utelezi mtupu. Kuteremka ulijishikilia kwenye matawi ya chai. Kupanda ulihema.

Kliniki nayo ilikuwa na milango miwili, ingawa hakuna aliyeandika popote nani aingie wapi. Wazungu wa mashamba makubwa ya chai na walimu wa misheni walipimwa pale sebuleni. Walikuja na magari, wakaketi kwenye viti vya mito, nikawaletea maji ya limau, wakazungumza juu ya mvua na watoto wao walio shuleni ng'ambo, na daktari alipowafunga mkanda mioyo yao ilikuwa imetulia zamani. Watu wetu walipimwa kwenye banda la mabati nyuma ya wodi. Walikuwa wamepanda mlima kwa miguu, wengine na mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni wakitoka hapo, wakasimama mstarini juani, kisha wakaambiwa haraka haraka, kunja shati, nyosha mkono, nyamaza. Mzungu alipewa dawa za kumtosha mpaka atakaporudi. Mtu wetu alipewa kidogo, na zikiisha stoo aliambiwa aje Jumanne ijayo, kana kwamba mlima ungekuwa mfupi Jumanne ijayo. Daktari alikuwa amewafuatilia watu wa pande hizi mbili kwa miaka mingi, akitazama nani anaishi na nani anakufa, na watu wetu walikuwa wakifa mapema. Hilo lilikuwa kweli, nami silibishi. Mstari wa banda nilikuwa nikiupanga mimi, na niliona sura zilizokosekana. Ninachobishia ni sababu yake.

Sababu, kwa maneno ya daktari, ilikuwa damu yetu, na shahidi wake mkuu alikuwa mpishi. Jina lake Bosibori. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye pengo kati ya meno ya mbele na kicheko kilichofika wodini, na yeye na Mama Daktari, mke wa daktari, walikuwa marika kabisa. Presha zao ziligunduliwa msimu mmoja. Wote wawili walipewa tembe za aina moja, ndogo, nyeupe, za kutoa maji mwilini, na wote wawili walikatazwa chumvi. Daktari alikuwa mkali juu ya chumvi. Bosibori alichemsha mboga za chinsaga kwa maziwa, akaonja, akaukunja uso. "Mboga bila chumvi ni malisho," aliniambia. "Siku moja nitalia kama ng'ombe mbele ya wageni." Lakini alizila, kwa sababu daktari aliingia jikoni mwenyewe kuhakikisha kwamba kinachopakuliwa mezani ndicho kinachopakuliwa jikoni. Katika jambo hilo alikuwa mwaminifu. Chungu kilikuwa kimoja kweli.

Ndipo akaanza kumtolea mfano. Jumapili walikuja wageni wa chakula cha mchana, wazungu wa mashambani na pengine daktari wa kutoka Nairobi, nami nikizunguka meza na bakuli la viazi nilisikia habari za Bosibori zaidi ya mara moja. Daktari alizisema kwa Kiingereza, akidhani Kiingereza changu nilikirudisha shuleni pamoja na sare. "Mtazameni mpishi wangu," aliwaambia. "Anakula chungu kimoja na mke wangu, anaishi kwenye kilima kimoja, anatumia dawa moja. Presha ya mke wangu inashuka. Ya huyu inapanda, na nimemwongezea dawa mara mbili. Ondoa chakula, ondoa hewa, ondoa dawa, kinabaki nini? Rangi. Miili yao haikuumbwa kustahimili jambo hili." Mgeni mmoja wa kike akasema inasikitisha sana, akaniomba viazi. Siku hiyohiyo, kwa kutaka kuwafurahisha wageni, daktari aliniita niketi, akanifunga mkanda mimi mwenyewe mbele yao, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hata huyu, na ni mtoto," akasema. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, kwa huruma kabisa, akaniambia lile neno nililolitaja hapo juu. Nilikusanya sahani zote. Sikuvunja hata moja, na mpaka leo najuta kwamba sikuvunja.

Jikoni mambo yalikuwa mengine. "Hii dawa inanikimbiza, mwanangu," Bosibori aliniambia wiki za kwanza, akicheka bado. "Nikimeza, chai haijachemka, nimeitwa. Nikirudi, nimeitwa tena." Aliyeitwa alipaswa kuacha mkate ndani ya oveni, afungue mlango wa nyuma, ateremke hadi kwenye mikaratusi, kisha apande tena na ule mwili wake na ule moyo wake mgonjwa, huku Mama Daktari akiita kutoka sebuleni, "Bosibori! Uko wapi, Bosibori?" Kila kidonge kilikuwa ni safari. Alasiri moja ya mvua kubwa nilimkuta bombani nyuma ya jiko, amejifunga leso yangu niliyokuwa nimeianika barazani, akifua gauni lake kwa nguvu kuliko gauni lilivyohitaji. Hakuwa amefika. Aliteleza kwenye chai, akakaa chini, na yakamtoka. Mtunza bustani alimwona. "Mimi ni mama ya watu wakubwa," akaniambia bila kunitazama. "Niko na wakwe. Siwezi kuwa mtu wa kujikojolea njiani kama mtoto." Tangu siku hiyo alimeza dawa Jumamosi tu, siku yake ya Sabato, akiwa kwake, akishatoka kanisani. Nyingine alizitia kwenye kopo la kakao nyuma ya unga. Daktari alipoona presha haishuki akamwongezea, na alipoongezewa aliiogopa zaidi.

Msomaji wa mbali atauliza kwa nini hakumwambia daktari. Wageni hufikiri heshima ni kuinamisha kichwa na kupokea kwa mikono miwili. Kwetu Gusii heshima ina kuta, na kuta hizo tunaziita chinsoni. Mtu wa daraja la baba yako humtajii mambo ya mwili. Hutaji haja mbele yake, huulizi choo kiko wapi akiwa anasikia, na akikuona unaelekea huko unajifanya unakwenda kuchuma mboga. Na sisi tulimwita daktari Tata, yaani baba. Aliupenda mno wito huo. Aliwaeleza wageni kwamba watu wa hapa wamemfanya baba yao, na macho yake yalilowa akisema hivyo. Hakujua kwamba siku tuliyomfanya baba ndiyo siku tuliyofunga vinywa. Kila Jumanne nilisimama bandani nikasikiliza mazungumzo yaleyale. "Bosibori, unameza dawa?" "Ee, Tata." "Kila siku?" "Ee, Tata." Naye akatikisa kichwa kuisikitikia damu yake.

Lakini mwanamke unaweza kumwambia. Nilikwenda kwa Mama Daktari mimi mwenyewe, asubuhi, akiwa kwenye chumba cha akiba akijaza jemu ya mapera kwenye chupa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa uangalifu. "Mama," nikasema, "Mama Bosibori akimeza ile dawa anahitaji choo cha karibu. Kule bondeni hafiki. Naomba awe anatumia hiki cha ndani. Nitakisafisha asubuhi na jioni." Hakukasirika. Ningependa kusema alikasirika, ingekuwa rahisi kumchukia. Alifunga kifuniko cha chupa, akaipangusa, akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri cha kusomea, "Kwamboka, choo cha ndani ni cha familia." Kisha akanipa chupa niipeleke rafuni. Yeye mwenyewe alimeza tembe ileile kila asubuhi, na kila asubuhi nilisikia mlango mweupe ukifungwa, maji yakishuka, vikombe vikilia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama Daktari alikilalia kitanda hichohicho na kunguni wake aliwajua kwa majina. Daktari alikuwa mjinga, na ujinga nimefundisha nao darasani maisha yangu yote, siuchukii. Mkewe alijua.

Bosibori alianguka jikoni akiwa anasukuma chapati. Upande mmoja wa uso ulishuka, mkono ukalegea, na kile kicheko chake kikawa mluzi. Daktari alimbeba mwenyewe mikononi hadi wodini, mvua ikimnyeshea, na siku za mwisho alikaa kando ya kitanda chake kuliko watu wengi waliojiita ndugu. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, halinipunguzii hasira. Tulimzika kwake, mteremkoni, katikati ya migomba yake. Jumapili iliyofuata wageni wakaja kama kawaida, nami ndiye niliyepika. Walikuwa wanamzungumzia Bosibori nilipoingia na supu. "Nilitarajia," daktari alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa kweli. "Nilijua hatafika mbali. Rangi yao haifiki mbali na ugonjwa huu." Nikaiweka supu. Nikarudi jikoni, nikalitoa kopo la kakao nyuma ya unga, nikalimimina juu ya kitambaa cheupe cha meza, katikati ya vijiko. Tembe zilitawanyika hadi kwenye sahani ya mgeni.

Daktari akaokota moja. "Hakuzimeza?" akauliza. "Hakuzimeza, Tata," nikasema. "Kwa nini?" Na hapo ndipo ukuta ulipokuwa. Mdomo ulifunguka, neno halikupita. Alikuwa Tata, na wanaume wengine walikuwepo, na yule tuliyemzika alikuwa mama wa watu wenye wakwe. Nikafanya nilichoweza. Nikanyosha mkono kwa Mama Daktari. "Muulize Mama," nikasema. "Mama anajua." Watu wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika kijiko. Wekundu ulimpanda shingoni, ukafika masikioni, nami nikaona kabisa kwamba ameikumbuka ile chupa ya jemu. "Sijui msichana huyu anasema nini," akajibu. Daktari akashusha pumzi, akawaambia wageni kwa Kiingereza, "Mnaona? Tunawapa dawa, wanazificha." Dakika moja kabla ilikuwa damu yetu, sasa ikawa tabia yetu. Kilichokuwa upande wao wa ukuta hakikuguswa.

Nilichofanya baadaye wajukuu wangu hunitaka nikisimulie kila Krismasi. Nilivaa viatu. Nikapita sebuleni juu ya lile zulia na viatu vyangu vyenye tope la kaburini kwa Bosibori, mbele ya wageni wote, nikaingia kwenye choo cha ndani na kuuacha mlango wazi kidogo, ili wasikie. Nikaketi. Sikuwa na haraka. Nilitazama maua dirishani. Kisha nikauvuta mnyororo, na maji yalipojaa tena nikauvuta mara ya pili, vikombe vikalia kabatini hadi mgeni mmoja akainuka. Nilipotoka Mama Daktari alikuwa amesimama ujiani, mweupe kama ule mlango. "Ondoka," akasema. Niliondoka nikiwa nimevaa viatu vyangu. Mwezi haukuisha nikaitwa chuo.

Nimefundisha katika shule za Kisii na Nyamira hadi nikastaafu, na sikupitisha siku bila kumeza tembe zangu. Wengine humeza dawa kwa ajili ya afya. Mimi nilimeza kwa ajili ya kisasi. Nilipojenga nyumba yangu hapa Birongo kitu cha kwanza nilichomwonyesha fundi kilikuwa choo, ndani, mkabala na chumba cha kulala, na kijiji kizima kilinicheka, kwa sababu kwetu ni aibu mkwe akusikie. "Kwamboka anaenda haja kwenye nyumba anamolia chakula!" walisema sokoni. Wakacheka, nami nikazidi kumeza na kukojoa kwa amani. Kijana anayenipima presha kliniki ya Nyamira huniambia kwamba tembe za maji hutufaa watu weusi vizuri, pengine kuliko wengine, na kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu rangi na damu. Huenda. Sikusomea damu. Ila nikisikia mtu anasema weusi wenye presha hufa kabla ya weupe, huwa namwuliza swali moja tu, naye hudhani nimeanza kuchanganyikiwa kwa uzee: choo kilikuwa wapi?

Sasa nirudi kwenye msiba. Familia ilileta majivu ya daktari ili yafukiwe kando ya kanisa, na siku hiyohiyo jengo jipya la kliniki ya presha lipewe jina lake. Kina mama wa Nyaramba walinong'onezana kwa hofu. "Walimchoma? Mzee mzima? Yaaya!" Mimi nilialikwa kwa kuwa niko kwenye kamati ya hospitali, na kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliofanya kazi kwenye nyumba ile. Katibu akanipa kazi mbili. Ya kwanza, kukaa na Mama Daktari, ambaye amepita miaka tisini na bado yuko hai na presha yake. Ya pili, kushika ufunguo wa choo cha ndani. Nyumba siku hizi ni ya wageni wa hospitali, maji ni ya shida, na waliogopa umati ungekiharibu. Nilipoushika ufunguo ule mkononi nilimshukuru Mungu kwa sauti, na katibu akadhani ninashukuru kwa kuheshimiwa.

Mama Daktari alikuwa amebaki mdogo, mwepesi, na fimbo, na alinitambua nilipotaja jina. Tuliketi barazani, hema likiwa mbele yetu. Mwanawe Martin, ambaye mwaka ule alikuwa shuleni ng'ambo, alihutubia kwa Kiingereza na katibu akafasiri. Akamsifu baba yake, akasema amewapenda watu wa mlima huu, kisha nikasikia ile hadithi inakuja. "Baba alikuwa na mpishi," akasema, "aliyekula chungu kimoja na mama yangu." Akaisimulia yote, hewa moja, dawa moja, rangi mbili, na akaongeza kwamba masikini yule alizificha dawa zake. Umati ulitikisa vichwa. Kwenye safu ya mbele wauguzi vijana walikuwa wanasikiliza, watoto wetu wenyewe, nao kesho wangewaambia wagonjwa wao hivyohivyo. Nilimtazama Mama Daktari. Alikuwa anatazama miguu yake. Kisha akaniegemea, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Kwamboka, nahitaji kujisaidia. Dawa yangu. Tafadhali, upesi."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mlango mweupe ulikuwa nyuma yetu, palepale. Nilimwinua, nikampitisha ujiani hadi mbele yake, nikamwacha auone vizuri. "Choo cha ndani," nikamwambia, "ni cha familia." Alinigeukia. Niliona anayatafuta maneno yale mahali alipoyaweka, na nikaona amefika. Hakubisha. Nikafungua mlango wa nyuma, nikampa mkono, nasi tukaanza kuteremka. Ilikuwa kiangazi, njia kavu, na nilimshika vizuri asianguke, kwa maana nilimtaka mzima. Tulipita palipokuwa bustani, tukapita palipokuwa zizi. Alikwenda kwa kukaza magoti. Kwenye mstari wa kwanza wa chai alisimama, akauma mdomo, akafumba macho, na nikasikia. Hatukufika. Mtenda akitendewa hujiona kaonewa, wasemavyo, lakini yeye hakulalamika. Alilia kidogo tu, kama watu wanavyolia kwa aibu, bila sauti. Ningesema nilimhurumia. Nilichohisi ni kwamba Bosibori amesimama mahali fulani kwenye ile chai na pengo lake, na anacheka hadi wodini.

Nilikuwa na leso mkobani. Nikamvua sketi pale pale, nikamfunga leso kiunoni, nikalikaza fundo kwa uangalifu kama ningemfanyia mama yangu. "Alikuwa anapita hapa kila siku?" akauliza. "Siku alizomeza dawa," nikasema. Akaitikia kwa kichwa. Tukapanda polepole, tukipumzika, naye akihema. Karibu na mlango akasimama. "Unataka nini, Kwamboka?" Nikamwambia ninataka kile alichofichwa mume wake siku ile ya supu. "Mwambie mwanao. Na hema lote lisikie." Kutoka hemani sauti ya Martin ilikuwa bado inaendelea, ikisifu. Mama Daktari akaitazama ile leso, nyekundu na nyeusi, ya maua makubwa, juu ya soksi zake za kizungu zilizolowa.

"Ataniuliza kwa nini nimevaa hivi," akasema.

"Anzia hapo," nikamwambia, nikamfungulia mlango, nikasimama nyuma yake.